Lori Lililosubiri Spea

Maximilian Margwe wa Tlawi alikuwa na malori kumi na tisa, na hakuna hata moja lililowahi kubeba gunia. Yalikaa kwenye rafu za mbao ndani ya stoo iliyokuwa ya mbuzi, pua zote zikitazama mlangoni, kana kwamba yanamsubiri mlinzi afungue geti. Kubwa kuliko yote halikuzidi urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Mengine yalikuwa ya bati nene la Ulaya, yaliyotoka kwenye banda la nyuma la misheni au ndani ya marobota ya mitumba mjini Mbulu. Mengine yalikatwa hapahapa kutoka kwenye makopo ya mafuta ya kula, na watoto ambao leo ni babu za watu.

Aliyaokota, aliyanunua, aliyabadilisha kwa mahindi. Kisha aliyakwangua kutu kwa msasa na mafuta ya taa, akayanyoosha mabonde kwa nyundo ndogo, akayaziba matundu kwa risasi ya kuyeyusha, akayakatia matairi kutoka kwenye ndala zilizokwisha. Mwisho aliyapaka rangi yaliyozaliwa nayo, ambayo aliitafuta chini ya kutu kwa ncha ya kisu, kwa subira ambayo mkewe Hilaria hakuwahi kuiona ikitumika kwenye paa linalovuja.

Watu walimwita Mzee Kampuni. Kaka yake Gervasi alipenda kuwaambia wageni kwamba mdogo wake ana malori kumi na tisa, na kila mavuno anakuja kuazima punda. Maximilian alicheka pamoja nao. Kicheko hakikumgharimu kitu.

Kumi na manane yalikuwa yamepona. La kumi na tisa, jekundu, lilikaa rafu ya juu kabisa, nyuma ya wenzake, ekseli ya mbele imekatika na gurudumu moja limelala ubavu. Hilaria alipofuta vumbi aliuliza kwa nini hilo halipati bahati. Jibu lilikuwa lilelile kwa miaka kumi na miwili.

"Hilo linasubiri spea."


Siku ya kikao cha familia ulikuwa umepita mwaka mmoja tangu Manyara ikatwe kutoka Arusha na kuwa mkoa. Gervasi alitaka kwanza wajadili kama sasa serikali imesogea karibu au ni nauli tu iliyobadilisha njia, lakini Hilaria alimimina chai na kuwaambia waingie kwenye jambo lenyewe. Isidori, mtoto wao wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi huko Masieda, alikuwa amepata mchumba. Binti aliitwa Getruda, alishona nguo kwenye baraza la duka hukohuko, na kwa maelezo ya Isidori hakuwa na kasoro, jambo ambalo Gervasi alisema litarekebishwa na ndoa. Gervasi ndiye aliyekuwa msemaji wa posa, na tayari alikuwa amenyoa ndevu.

Hilaria aliuliza jina la mama wa binti. Isidori akasema ni Konsolata, mke wa Nikolausi.

Hilaria akaweka kikombe chini.

"Konsolata aliyekuwa akifanya kazi kwa Mzungu wa shamba la ngano, kule Basotu?"

"Ndiye, mama."

"Basi hakuna posa."

Akaeleza bila kupandisha sauti. Binamu yake Agatha, anayeishi Basotu, alimsimulia yote tangu zamani. Yule mwanamke aliiba kitu cha mtoto wa Mzungu, akapekuliwa mpaka ndani ya godoro, akatolewa mchana kweupe mbele ya wafanyakazi wenzake. Hilaria hakuwa mtu wa roho mbaya. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, aliyehesabu sadaka mara mbili mbele ya mashahidi. Nyumba yake ilikuwa na paa bovu na viti vinne, viwili vya kuazima, lakini hakuna mtu aliyewahi kuingia uani akidai hata kijiko. Hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo, na hakuwa tayari kuichanganya na ya mwizi.

Gervasi aliuliza ni kitu gani hasa kilichoibwa. Hilaria akasema aliambiwa ni gari la kuchezea, sijui basi, sijui lori. Mtu anayeiba cha mtoto, je, cha mkubwa atakiacha?

"Kumbe ni watu wetu kabisa," Gervasi akasema. "Wao wanaiba magari ya kuchezea, sisi tunayakarabati."

Wote wakacheka, hata Hilaria kidogo. Maximilian naye alicheka, na wengine waliponyamaza, kicheko chake kilibaki usoni kama kofia ambayo mtu amesahau kuivua kanisani.

Walimtaka atoe neno kama baba. Akasema watu husema mengi. Akasema anayeolewa ni Getruda, si mama yake. Hilaria akamgeukia.

"Lakini wewe si ulikuwa karakana ya shamba hukohuko, miaka hiyohiyo? Ulisikiaje?"

Maximilian akatazama mikono yake, ambayo ilikuwa bado na rangi ya kijani ya lori la kumi na nne.

"Zamani sana hiyo," akasema.

Kikao kilipovunjika, Isidori alimfuata stoo. Alisimama mlangoni akizungusha kofia yake, akiwa na uso wa mtu aliyefeli mtihani ambao hakuufanya. Alisema amebeba salamu, na hakujua kama bado inafaa kuzitoa.

"Mama yake Getruda anasema anakufahamu, baba. Amesema nikusalimie, nikuulize kama ekseli ilishapona."

Maximilian alikuwa ameshika msasa. Aliendelea kukwangua mahali ambapo hapakuwa na kutu.

"Ni utani wa madereva?" Isidori akauliza.

"Ni utani wa zamani," baba yake akasema. "Nenda ukamsaidie mama yako na vikombe."


Asubuhi Hilaria aliingia stoo na karatasi. Alikuwa ameiandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa sadaka, wima na safi. Barua ilikwenda kwa Nikolausi wa Masieda, ikisema familia ya Margwe inarudisha nia yake nyuma kwa heshima, kwa kuwa imepata habari za doa la wizi katika nyumba ya binti. Chini palikuwa na mstari, na juu ya mstari maneno *mimi baba mzazi*. Gervasi angeipeleka. Kilichobaki ni sahihi.

Maximilian aliichukua kalamu. Aliisoma barua mara ya pili, kisha ya tatu, na ilipofika mara ya nne Hilaria akauliza kama kuna herufi iliyomshinda.

"Mama Isidori, hii siwezi kuitia sahihi. Mwizi ni mimi."

Hilaria alimtazama kutafuta mzaha uko wapi. Miaka ishirini na mitano ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba kwa mume wake mzaha huwa karibu, lakini safari hii hakuuona. Maximilian alipanda juu ya kreti, akapitisha mkono nyuma ya malori mengine, akateremsha lile jekundu na kuliweka juu ya barua.

Alisimulia akiwa amesimama, akiwa ameigeukia rafu. Mtoto wa Mzungu, kabinti ka miaka sita, alikuwa amevunja ekseli ya lori lake. Konsolata, msichana wa kazi pale nyumbani, alilileta karakana akiwa amelifunga kwenye khanga, akaomba lichomelewe. Sukari wakati ule ilikuwa bado ya kubembelezwa, na walipatana kikombe kimoja, ambacho angetoa kwenye mgao wake mwenyewe kazi ikiisha. Maximilian akasema aje Jumamosi, akaliweka ndani ya sanduku la vifaa.

Wiki hiyohiyo likatoka tangazo. Serikali inajitoa kwenye biashara, shamba lake la ngano litapunguza watu, na wa kwanza kwenye orodha watakuwa wale wanaokamatwa na kazi za mfukoni, yaani wanaotumia gesi na risasi za shamba kufanyia shughuli za nje. Siku mbili baadaye msimamizi wa karakana akaingia na Mzungu mwenyewe nyuma yake. Familia inafungasha kurudi kwao, mtoto analia, na msichana wa kazi anasema lori lipo kwa fundi Maksi.

"Nikasema sijaliona," Maximilian akasema. "Neno hilo tu. Sanduku lilikuwa chini ya miguu yangu."

Nje jogoo aliwika, akachelewa kumaliza. Hilaria aliketi juu ya kreti.

"Hilo linasubiri spea," akasema, na aliisema kwa sauti ya mume wake, vilevile alivyokuwa akiisema yeye. "Miaka kumi na miwili ninalifuta vumbi."

Maximilian akaligusa lile gurudumu lililolala ubavu.

"Na kazi ulibaki nayo?"

"Miezi mitano. Halafu wakatupunguza wote."

"Miezi mitano," Hilaria akarudia, kama mtu aliyetajiwa bei ya kitambaa na kuona muuzaji hana aibu. Kisha akanyoosha kidole kwenye rafu. "Na haya mengine yote?"

Hapo ndipo alipokwama. Wizi alikuwa ameueleza bila kigugumizi, lakini hili la pili lilikuwa dogo na la kijinga, na kulisema kulikuwa kama kuvua shati mbele za watu. Alisema hakuweza kulitupa lile jekundu, wala kulirudisha, wala kuliangalia likiwa peke yake. Akatafuta la pili ili likae nalo. Akatafuta la tatu. Mtu akiingia stoo aone malori, asione lori.

Hilaria aliyapitia malori kwa macho, moja baada ya jingine. Alipoongea hakuongea naye, alikuwa akihesabu. Alisema jambo la Konsolata amelisimulia mashineni, akisubiri kusagiwa. Amelisimulia kwenye jumuiya nyumbani kwa Violeth, rozari ikiwa mkononi. Mwaka juzi alilisimulia msibani, kwa watu wa Masieda wenyewe, nao wakaondoka nalo.

"Nilikuwa nalisema vizuri," akasema. "Nilikuwa naongeza na chumvi."

Akaichukua barua, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kitenge chake kwa ajili ya kuwashia moto.

"Utakwenda wewe. Si Gervasi, si mtoto. Mimi nitaanza na wale wa mashineni."


Maximilian alikwenda Masieda siku ya mnada, kwa kuwa ndiyo siku yenye magari. Lori alilitia ndani ya mfuko wa salfeti, na juu yake akaweka makabichi mawili ya Tlawi, makubwa, ya zawadi. Kwenye gari walimuuliza amebeba nini. Akasema kabichi. Mama mmoja aliyeketi karibu naye akayasifu, akaomba mbegu.

Nyumba ya Nikolausi ilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka senta ya Masieda, juu kidogo ya njia kuu ya mnada. Konsolata alikuwa ameketi kwenye mkeka kivulini, akichambua maharage. Alikuwa amenenepa, na nywele za mbele zilikuwa zimeingia mvi. Maximilian alikuwa amemzidi zaidi ya miaka kumi, na pale karakana yule msichana hakuwahi kupita mlangoni bila shikamoo. Alisimama mbele ya mkeka akiisubiri. Konsolata akatoa punje mbovu, akaitupia kuku.

"Karibu, fundi," akasema. "Kigoda hicho."

Alikuwa amepanga maneno yake tangu Tlawi, na aliyatoa yote bila kuruka hata moja. Alisema amekosa. Alisema hakuna siku iliyopita bila kulikumbuka. Alisema anaomba msamaha mbele ya Mungu na mbele yake. Konsolata aliendelea kuchambua, na maharage mabovu yalikuwa mengi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa mimi umeniambia nini? Mimi nilikuwepo. Nilikukabidhi kwa mkono wangu huu. Katika watu wote wa Mungu umefunga safari kuja kumwambia yule mmoja anayejua."

Maximilian alitoa makabichi, kisha akatoa lori na kuliweka kwenye ukingo wa mkeka. Konsolata akavuta mkono wake haraka, kama aliyeona nge.

"Litoe hapo. Likionekana kwangu, si ndiyo watasema hatimaye limepatikana?"

Maximilian akalirudisha mapajani. Konsolata hakulia wala hakufoka. Alimsimulia kama anayesoma risiti. Mshahara wa mwezi wa mwisho hakupewa. Godoro lilichanwa, na akalibeba kichwani likimwaga pamba njia nzima, watu wakafuata pamba kujua anakoishi. Hapa Masieda wanawake wa kikundi walimpigia makofi alipotajwa kuwa mtunza hazina, halafu kikao kilichofuata wakamchagua mwingine bila kueleza. Kalamu ikipotea darasani, begi la kwanza kupekuliwa lilikuwa la Getruda, na Getruda alikuwa na miaka tisa.

"Mbona ulimkubali mtoto wangu?" Maximilian akauliza.

"Mtoto wako hakusema hajaliona. Alinieleza baba yake anakarabati malori ya watoto, nikacheka mpaka Nikolausi akaja kuniangalia." Akapepeta ungo mara moja. "Kwenye gari walikuuliza umebeba nini?"

"Waliniuliza."

"Ukasema?"

Maximilian akayatazama makabichi.

"Haya, kabichi yaache, tutakula," Konsolata akasema. "Hilo lingine rudi nalo senta. Kisha uje upya, upitie njia ya mnada, unalivuta kwa kamba kama linavyovutwa. Atakayekuuliza, mjibu. Mimi sitakutungia maneno."

Alijua alichokuwa akisema. Kwenye njia ile mtu hampiti mtu. Unasimama, unasalimia, unaulizwa watu wa nyumbani, ng'ombe, mvua ya upande wenu, umetoka wapi, unakwenda kwa nani na umebeba nini. Kumjibu mzee kwa mkato ni kumtukana. Siku ya mnada, nusu saa ile huwa saa mbili.

"Halivutiki," Maximilian akasema polepole. "Ekseli bado."

Konsolata aliinua macho kwa mara ya kwanza tangu aketi.

"Wewe si fundi?"


Pale senta kulikuwa na kijana anayetengeneza baiskeli, Alfredi, mwenye turubai na spana zilizopangwa juu ya gunia kwa ukubwa. Alimpa shikamoo nzuri, akampa kigoda, akamuuza spoki moja na kumwazima koleo. Maximilian alikata spoki, akaipitisha palipokuwa na ekseli, akaikunja ncha, akaziba kwa kipande cha ndala. Kazi ya dakika kumi. Alikuwa ameikwepa miaka kumi na miwili.

Alfredi alilisifu lori, akauliza ni la nani.

"La mtu."

"Mtu gani huyo ana kitu kizuri hivi?"

 Maximilian alijaribu kuanzia mbali, kwa shamba la ngano na mambo ya serikali kujitoa, akaona kijana anaanza kuchoka kusikiliza. Akarudi karibu.

"Unamjua Konsolata wa Nikolausi?"

Alfredi alimjua. Akatabasamu kidogo kwa upande mmoja, tabasamu la watu wanaojua habari za mtu.

"Lori aliloambiwa ameiba ni hili. Hakuiba. Alinipa mimi nilitengeneze, nami nikasema sijaliona. Limekaa kwangu."

Tabasamu lilibaki pale pale lakini halikuwa tena na kazi. Alfredi alipokea hela yake ya spoki, akasema asante mzee, safari njema. Maximilian alipoinama kufunga kamba, alimwona kwa chini ya kwapa. Kijana alikuwa akihesabu spana, kwa kidole, bila kelele, kwa adabu zote. Koleo alilorudishiwa alilisogeza upande wa pili wa gunia.

Akaanza kuvuta.

Lori lilimfuata vizuri mno. Lilikuwa halina hata kilema, lilikata vumbi moja kwa moja nyuma ya mtu mzima mwenye koti la kanisani, na kila kundi lililokuwa likirudi kutoka mnadani na mbuzi na sahani mpya lilisimama. Hakuhitaji kutafuta wa kumwambia. Mama muuza ndizi aliuliza, akajibiwa, akaketi kwenye ukingo wa njia akisema taratibu kwamba kila mnada, yule mama akikaribia, yeye huwa anahamishia pochi upande wa pili. Wanaume wawili waliokuwa na fahali walicheka, wakadhani ni mlevi wa mchana. Alipomaliza kueleza waliacha kucheka, na mmoja akamuuliza anaitwa nani na ni wa ukoo gani, apate kusimulia sawasawa. Akataja jina lake na la baba yake.

Njiapanda alimkuta mzee Hermani, mzee kuliko wote wa upande ule, ameegemea fimbo. Maximilian akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Watu wa kwenu hawajambo? Ng'ombe? Na hicho unachoburuta ni nini, mwanangu?"

Akaeleza. Mzee Hermani akasogeza sikio, akaweka kiganja nyuma yake.

"Masikio yangu yamezeeka. Sema kwa nguvu."

Akasema kwa nguvu. Mzee akasikia nusu, akaelewa kwamba Konsolata ameiba tena, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Hapana, mzee. Si yeye. Ni mimi."

"Nani?"

"Mimi niliiba. Konsolata hakuiba kitu," Maximilian akapaza sauti, na sauti hiyo ilivuka njia, ikavuka ua wa katani, ikafika mnadani ambako dalali alikatisha bei na kugeuka.

"Aa," mzee Hermani akasema. "Sasa nimesikia." Akamtazama kuanzia kofia mpaka lori. "Na mvua huko kwenu imenyesha?"

Ilibidi ajibu na hilo pia.

Mbele kidogo, kwenye baraza la duka, kulikuwa na cherehani, na nyuma yake msichana ambaye hakuwahi kumwona, lakini paji la uso lilikuwa la Konsolata. Getruda alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Alimwamkia. Yeye peke yake, katika njia nzima, hakuuliza kitu. Alitazama kamba, akashuka nayo mpaka kwenye lori, akabaki hapo. Maximilian angeweza kupita. Akasimama, akamweleza yeye kirefu kuliko wote, mpaka kwenye kalamu na begi. Getruda alisikiliza akiwa ameshika mkasi.

"Darasa la tatu," akasema. "Nilikuwa darasa la tatu." Akainama, akaendelea kushona, na mshono wake ulienda upogo.


Alipofika, uani palikuwa pamejaa. Habari ilimtangulia, kama habari zinavyojua, na watu walikuwa wamekaa juu ya mawe na kwenye ngazi ya ghala, wengine wakiwa bado na mizigo ya mnada. Konsolata alikuwa amebadilisha kitenge. Alisimama mlangoni na Nikolausi, mumewe, mtu mrefu mkimya aliyeshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, fundi," Konsolata akasema, kana kwamba hajamwona mwaka mzima.

Maximilian alitafuta pa kuiweka ile salamu, akapakosa.

"Marahaba."

"Watoka wapi?"

"Senta."

"Na unavuta nini?"

Kwa mara ya ishirini siku hiyo, akasema. Ilikuwa imekuwa fupi. Maneno kama serikali na orodha na msimamizi yalikuwa yamedondoka njiani moja moja, na kilichobaki kilikuwa kwamba alipewa lori mkononi, akasema hajaliona, na mtu mwingine akabeba jina lake.

 Konsolata akashuka, akachuchumaa, akalisukuma lori kwa vidole viwili. Likaenda moja kwa moja mpaka kwenye kiatu cha Nikolausi.

"Kazi nzuri," akasema. "Imechelewa, lakini nzuri."

Akaingia ndani. Alitoka na kikombe cha bati kilichojaa sukari, kimesawazishwa juu kwa kisu.

"Tulipatana kikombe kimoja."

"Hicho siwezi kupokea, Mama Getruda."

"Utapokea. Nilisema nitalipa kazi ikiisha, na watu wote hawa wanaona imeisha." Akageuka kuwatazama, mmoja mmoja, bila haraka, na baadhi yao wakaona heri waangalie kuku. "Mimi sijawahi kukaa na haki ya mtu."

Akaimimina ndani ya karatasi, akaifunga, akamwekea mwenyewe ndani ya mfuko wa salfeti. Lori hakuliingiza ndani. Nikolausi alilibeba mpaka kwenye jiwe la njia ya kuingilia, akaliweka hapo, pua ikitazama njia kuu. Maximilian alipokuwa akiaga, Konsolata alimwambia kwamba Gervasi anaweza kuja Jumapili na maneno yake. Ila aje na Mama Isidori, na Mama Isidori aje kwa miguu kutoka senta, maana wanawake wa njia ile nao wana maswali.


Hilaria alimkuta jioni ameketi mlangoni mwa stoo, akiyatazama malori kumi na manane. Naye alikuwa ametoka mashineni. Sauti yake ilikuwa imekauka, na hakueleza kitu, isipokuwa kwamba Violeth alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba daftari la sadaka ili ahesabu upya yeye mwenyewe.

Akauchukua mfuko, akaufungua, akanusa karatasi.

"Ya nini hii?"

"Malipo."

Alimpa ujumbe wa Jumapili, wa Gervasi na wa miguu. Hilaria akaitikia kwa kichwa. Akaenda jikoni, na muda si mrefu akarudi na kikombe cha chai, na sukari yenyewe kwenye sahani. Akatia kijiko kimoja, akatia cha pili, akakoroga mpaka ikayeyuka, akampa. Kisha akasimama pale pale mbele yake, mikono ameifunga kifuani.

Maximilian alikunywa. Ilikuwa tamu kama sukari nyingine yoyote.

"Imetosha?" Hilaria akauliza.

"Imezidi," akasema, akanywa mpaka chini, kwa kuwa mkewe alikuwa bado amesimama.